Pikapu inayozima ukipunguza mwendo: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Madereva wengi wa Nachingwea na Ruangwa wanaijua hali hii. Ni msimu wa korosho, pikapu imebeba magunia kutoka kijijini kwenda ghala la chama cha msingi. Barabarani inavuta vizuri. Inapofika kwenye tuta, kona au kivuko, dereva anaachia mafuta na kukanyaga breki. Injini inatetemeka, taa nyekundu zinawaka kwenye dashibodi, kisha kimya. Anapiga stata, inawaka. Kilomita moja mbele inazima tena.

Mwenye gari akifika gereji, mara nyingi hupata moja ya majibu mawili. La kwanza ni kuongezewa sailensi, yaani fundi anakaza skrubu ili injini izunguke kwa kasi zaidi hata kama hujakanyaga mafuta. La pili ni orodha ya spea: plagi, koili, pampu, sensa. Baadhi hazipatikani hapa, mpaka ziagizwe Masasi, Mtwara au Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. Jibu la kwanza huficha ugonjwa. La pili linaweza kumaliza fedha ya mauzo ya ufuta na gari likaendelea kuzima.

Makala haya yanaeleza njia ya tatu: kulitazama gari linazima wakati gani, kisha kuanza na vipimo visivyo na gharama. Huhitaji kuwa fundi ili kufanya mengi ya haya. Unahitaji macho, masikio, chupa safi na daftari.

KWA NINI LIZIME MWENDO UKIWA MDOGO?

Gari likiwa limesimama na hujakanyaga mafuta, injini nyingi huzunguka kama mara 650 hadi 850 kwa dakika. Hapo inapata hewa kidogo na mafuta kidogo sana, kiasi cha kujiendesha yenyewe, kuzungusha alteneta na kusaidia usukani. Haina akiba ya nguvu.

Ndiyo maana hitilafu ndogo ambayo huisikii ukiwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa inatosha kuizima injini kwenye tuta. Mpira uliopasuka na kuvuta hewa, masizi kwenye mlango wa hewa, waya uliolegea au matone ya maji kwenye mafuta, kila kimoja kinaweza kufanya hivyo. Ukikanyaga mafuta, injini inapata hewa na mafuta ya kutosha kufunika kasoro hiyo. Ukiachia, kasoro inajitokeza.

KWANZA, USALAMA

Gari linalozima njiani si usumbufu tu. Injini ikizima, usukani wenye msaada wa pampu au mota unakuwa mzito. Sevo, kile chombo cha duara kinacholainisha pedeli ya breki, inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama ubao. Kwenye mteremko, ukiwa na mzigo na watu nyuma, hapo ndipo ajali hutokea.

Likizima ukiwa kwenye mwendo, fanya haya:

Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na ushikilie. Usipampu pedeli, kwa maana kila ukiachia unapoteza akiba ya sevo.

Shika usukani kwa mikono miwili. Bado unageuka, ila unahitaji nguvu.

Usizungushe ufunguo mpaka mwisho wala kuuchomoa, kwa sababu usukani unaweza kujifunga.

Kama gari ni la gia za mkono na unateremka, weka gia ya pili au ya tatu na uachie klachi taratibu. Magurudumu yataizungusha injini, nayo itasaidia kupunguza mwendo na huenda ikawaka.

Ukishasimama kando, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu, shusha abiria na uweke pembetatu ya tahadhari mbali nyuma ya gari. Wengi huweka matawi ya miti. Yanasaidia, lakini yaondoe kabla hujaondoka.

Kuna tabia moja ya kuacha kabisa: kuteremka mlima kwa gia huru, au fri, kwa nia ya kubana mafuta. Kwa gari lenye ugonjwa wa kuzima, huko ni kuteremka bila breki za uhakika.

DAFTARI LA SIKU TATU

Kabla ya kwenda kwa fundi, weka daftari garini au andika kwenye simu. Kila likizima, jibu maswali haya:

1. Limezima ghafla kama mtu aliyezima swichi, au limetetemeka na kukohoa kwanza? Kuzima ghafla mara nyingi huelekeza kwenye umeme. Kutetemeka na kufa taratibu huelekeza kwenye mafuta au hewa.

2. Injini ilikuwa ya baridi au ya moto? Linalozima asubuhi tu na kutulia likipata joto lina shida tofauti na linalozima baada ya saa moja ya safari.

3. Lilizima ulipokanyaga breki? Ulipokata kona? Ulipowasha taa kubwa au kiyoyozi?

4. Liliwaka tena papo hapo, au ilibidi usubiri lipoe? Kusubiri dakika 20 au 30 ndipo liwake ni dalili ya kifaa cha umeme kinachoshindwa kikipata joto.

5. Ulijaza mafuta lini na wapi? Tanki lilikuwa na kiasi gani? Ulipita kwenye maji, au mvua ilinyesha usiku?

6. Mlimani lina nguvu au halina?

Swali la sita lina uzito mkubwa, na kwenye barabara zetu zenye vilima ni rahisi kulijibu. Gari linalopanda mlima kwa nguvu likiwa na mzigo lakini linazima ukiachia mafuta, kwa kawaida linafikiwa na mafuta ya kutosha. Tafuta kwenye hewa, kwenye sailensi yenyewe au kwenye umeme. Gari linalochoka mlimani na pia linazima likipunguza mwendo, anza na mafuta: filta, paipu, pampu au tanki. Kanuni hii haikosi tofauti, lakini itakuepusha kununua pampu ya mafuta wakati shida ni mpira wa shilingi elfu chache.

HAKIKISHA SI KLACHI WALA GIA

Wakati mwingine injini ni nzima, ila inavutwa na kuzimwa na magurudumu. Kama klachi haikati vizuri, ukisimama huku gia iko ndani gari hutetemeka na kuzima hata kama umekanyaga klachi mpaka chini.

Kipimo ni rahisi. Kwenye eneo tambarare lisilo na magari, punguza mwendo, toa gia kabla hujasimama, kisha simama. Rudia mara kadhaa. Kama kwa gia huru halizimi, lakini likiwa kwenye gia linazima, mwambie fundi aangalie klachi na mafuta yake kabla ya kufungua injini. Kwa gari la gia za oto, peleka mkono kwenye N muda mfupi kabla ya kusimama. Lisipozima hapo, tatizo linaweza kuwa kwenye gia boksi, au ni injini ambayo sailensi yake haina nguvu ya kubeba mzigo wa gia.

HATUA YA KWANZA: MAFUTA

Vijijini petroli na dizeli nyingi huuzwa kwa vidumu na chupa. Kidumu hicho huenda jana kilibeba maji au mafuta ya taa. Tangu mwaka 2010 mafuta ya soko la ndani huwekewa vinasaba ili wakaguzi watambue yaliyochakachuliwa au yasiyolipiwa kodi, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kupunguza kishawishi cha kuyachanganya. Hatua hizo zinasaidia vituoni. Haziwezi kukulinda na kidumu kichafu.

Kupima maji ni rahisi. Chukua chupa nyeupe ya plastiki, safi na kavu. Kwenye gari la dizeli, fungua skrubu ya chini ya filta na ukinge mafuta kidogo. Iache chupa itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko dizeli na petroli, hivyo yatakaa chini na utaona mstari unaoyatenganisha. Ukiyaona, endelea kutoa mpaka yatoke mafuta matupu, funga skrubu, kisha minya pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Kama maji yanarudi kila siku, chanzo ni tanki. Lishushwe lisafishwe.

Chupa hii inaonyesha maji na uchafu tu. Haionyeshi mafuta ya taa yaliyochanganywa. Ukishuku mafuta ya kituo fulani, tunza risiti na utoe taarifa EWURA, mamlaka inayosimamia biashara ya mafuta.

Kwa dizeli, shuku pia hewa. Paipu iliyochoka au kibano kilicholegea huvuta hewa bila kudondosha hata tone la mafuta. Dalili zake ni gari kuwa gumu kuwaka asubuhi, kutetemeka likiwa sailensi, na pampu ya mkono kulegea kila siku. Fundi anaweza kufunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga, unaofaa mafuta, kabla ya pampu ya injini. Mapovu yakipita humo, hewa inaingia upande wa tanki.

Kifuniko cha tanki nacho kina tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na vumbi, tanki hujivuta lenyewe na mafuta hukataa kuja. Gari likizima baada ya mwendo mrefu, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likaendelea na safari bila shida, umeshapata pa kuanzia.

Filta ya mafuta ina umri wake. Kwenye barabara za vumbi, na kwa anayejaza kwa vidumu, usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Badilisha mapema zaidi.

Tahadhari: usivute petroli kwa mdomo, usipime karibu na moto au sigara, wala usimulike kwa kiberiti. Kwa pikapu za dizeli za kisasa zenye nozeli za umeme, kama Hilux za D-4D, usilegeze paipu za chuma za nozeli injini ikiwa inawaka. Shinikizo ndani yake linaweza kupita bar 1,000, na mafuta hayo hupenya ngozi. Aliyepigwa nayo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

HATUA YA PILI: HEWA

Kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba au Desemba, vumbi la barabara za vijijini huingia kila mahali. Fungua boksi la filta ya hewa. Iinue filta kwenye jua; mwanga usipopita kabisa, imeziba. Kama ni ya karatasi, ipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, taratibu. Ukiona imechanika au ina mafuta, nunua nyingine. Usiendeshe bila filta. Vumbi letu lina mchanga, nao husaga silinda na pistoni.

Kisha tafuta mipira inayovuta hewa. Hii inahusu hasa injini za petroli, zikiwemo zile za kirikuu. Injini ikiwa inawaka na gari limesimama, sikiliza mlio mwembamba wa kuvuta hewa kuzunguka mipira midogo na pale njia ya hewa inapoungana na injini. Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio. Mlio wa injini ukibadilika uliponyunyiza mahali fulani, hapo pana tundu. Usimwagie vifaa vya umeme, na usitumie petroli kufanya kipimo hiki kama baadhi ya watu wanavyofanya. Injini ya moto na petroli ni moto wa gari zima.

Kama daftari lako linasema gari huzima ukikanyaga breki, pima sevo. Zima injini, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedeli iwe ngumu. Ishikilie kwa mguu, kisha washa injini. Pedeli inatakiwa kushuka kidogo. Isiposhuka, au mlio wa injini ukibadilika sana kila ukikanyaga breki, sevo au mpira wake mnene unavuja. Hapo usiahirishe matengenezo, kwa sababu ugonjwa huo unagusa injini na breki kwa pamoja. Kwenye pikapu nyingi za dizeli sevo hupata nguvu kutoka pampu yake yenyewe, mara nyingi iliyofungwa pamoja na alteneta. Huko uvujaji utaharibu breki bila kuzima injini.

Kitu cha tatu ni mlango wa hewa. Kwenye petroli isiyo na kabureta, mlango huu hujaa masizi meusi pembeni, na kile kifaa kidogo kinachopitisha hewa ya sailensi huganda. Gari linakuwa zima kabisa mwendo ukiwa mkubwa, ila linakufa ukiachia mafuta. Dawa ni kusafisha kwa spreyi maalumu na kitambaa laini, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Magari mengi yenye kompyuta huhitaji kujifunza sailensi upya baada ya usafi huo, kwa hiyo usishtuke likisumbua mwanzoni. Muulize fundi kama anajua utaratibu wa gari lako.

Kwenye pikapu za zamani zenye kabureta, tatizo linalofanana na hilo ni kijitundu cha sailensi kuzibwa na uchafu, au waya wa vali yake ya umeme kuchomoka. Angalia waya kwanza.

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni, za petroli na dizeli, zina vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Masizi yakiizuia isifunge, injini inavuta moshi badala ya hewa safi, nayo hutetemeka na kuzima ikiwa sailensi. Mara nyingi kuisafisha kunatosha.

HATUA YA TATU: UMEME

Anza na betri. Shika vichwa vya waya kwa mkono uone kama vinacheza. Unga mweupe au wa kijani uoshwe kwa maji ya moto, ukianza kufungua waya wa hasi na kuufunga wa mwisho. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Barabara za makorongo hulegeza bolti hizo, na waya huo ukilegea kompyuta ya gari huchanganyikiwa.

Kwa mita ya umeme ya bei ndogo, betri nzima iliyotulia husoma kama volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Washa taa kubwa na feni huku injini iko sailensi. Ikishuka chini ya 13 na kubaki huko, alteneta au mkanda wake uangaliwe.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani cha kukataa: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama alteneta inachaji. Umeme hupanda ghafla na unaweza kuunguza kompyuta ya gari. Hasara yake inapita mbali bei ya mita.

Plagi zikichakaa au waya zake zikivuja, injini ya petroli hukosa mpigo mmoja mmoja. Kwenye sailensi ndipo mtikisiko husikika zaidi. Kwa dizeli ya zamani hakuna plagi za kuwasha mafuta, lakini kuna swichi ya umeme juu ya pampu inayoruhusu mafuta kupita. Ipo kwenye injini nyingi za Toyota za aina hiyo, kama 5L ya Hilux. Waya wake mmoja ukilegea, gari linazima ghafla kwenye shimo au tuta, kisha linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Kukaza waya huo ni kazi ya dakika tano.

Linalozima likipata moto na kukataa kuwaka mpaka lipoe, mtaje mtuhumiwa huyu kwa fundi: sensa ya mzunguko wa injini. Kwenye petroli koili nayo huweza kufanya hivyo. Na kwenye dizeli za kisasa, sailensi inayopanda na kushuka kabla ya kuzima huweza kutokana na vali inayopima mafuta kwenye pampu ya shinikizo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine. Lakini hakikisha filta na maji vimeshaangaliwa, maana mafuta machafu ndiyo huiua vali hiyo.

UKIFIKA KWA FUNDI

Usimwambie "gari linazima" tu. Mpe daftari. Mfano: "Ni Hilux ya petroli. Linazima likiwa la moto, ukikanyaga breki, baada ya kutetemeka kidogo. Linawaka papo hapo. Mlimani lina nguvu. Filta ya hewa nimebadilisha, mafuta nimepima kwa chupa, hayana maji." Fundi mzuri ataenda moja kwa moja kwenye mpira wa sevo na mlango wa hewa. Umeshamwokolea nusu siku, nawe umejiokolea fedha.

Kama taa ya injini inawaka, omba gari lisomwe kwa mashine, na uandike namba zinazotoka kabla hazijafutwa. Chache zinazohusiana na kuzima ni hizi: P0505 ni mfumo wa sailensi, P0171 ni hewa kuzidi mafuta, mara nyingi mpira unaovuja, P0335 ni sensa ya mzunguko wa injini au waya zake, P0402 ni moshi mwingi unaorudishwa ndani, P0087 ni shinikizo dogo la mafuta. Namba hizi zinaonyesha eneo la kutafuta. Hazisemi "nunua kifaa hiki". P0335, kwa mfano, huweza kuletwa na waya uliotafunwa na panya. Vipo pia vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyosomea kwenye simu, lakini baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakubaliani navyo. Jaribu cha mwenzako kabla ya kununua.

Masharti matatu ya kumwekea fundi kwa heshima: akueleze kipimo kilichomwonyesha kuwa kifaa kimekufa, abadilishe kitu kimoja kwa wakati, gari lijaribiwe, ndipo mwendelee, na akurudishie kifaa cha zamani.

Na sailensi? Kuiongeza kunakubalika kama dharura ya kukufikisha nyumbani, au kama fundi amepima akakuta kweli iko chini ya kiwango baada ya mengine yote kuwa sawa. Ukiikubali kama tiba, gari litakula mafuta zaidi, litasukuma mbele ukiwa kwenye breki, na mpira uliopasuka utaendelea kupasuka. Siku utakapoachia kabisa, utakuwa kwenye mteremko.

KABLA YA MSIMU

Minada ya korosho kwa vyama vilivyo chini ya RUNALI, ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hukutana na mwanzo wa mvua. Ndiyo miezi ambayo pikapu hazipumziki, na ndiyo miezi ambayo gari lililozima kwenye tope linaweza kulala hapo. Mwezi Septemba, kabla ya purukushani, fanya mambo manne: toa maji kwenye filta ya mafuta, safisha au badilisha filta ya hewa, kagua mipira yote kwa macho na kwa mkono, na kaza waya za betri na bodi. Ni kazi ya asubuhi moja chini ya mwembe.

Njiani mtandao hukatika. Hifadhi ukurasa huu kwenye simu yako sasa, au unakili yale maswali sita kwenye karatasi uiweke kwenye dashibodi. Gari likizima, usianze kwa kuuliza ni kifaa gani kimekufa. Andika kwanza limezima wakati gani.